Nyoka wenye sumu kwenye maeneo ya uvuvi mkoani Singida

Nyoka wenye sumu wanaoweza kukutwa na wavuvi mkoani Singida, Tanzania, ni pamoja na kifutu, swila na koboko. Kando ya mto Wembere na ziwa Kitangiri hatari ipo zaidi kwenye nyasi na vichaka kuliko majini.

Kifutu ni mfupi na mnene, ana kichwa kipana na alama za umbo la V mgongoni. Kwa kawaida hakimbii mtu anapokaribia, hivyo hukanyagwa kwa urahisi, hasa usiku. Swila huinua kichwa na kutanua shingo. Baadhi yao hutema sumu machoni. Koboko ni mrefu na mwembamba, na mdomo wake ni mweusi kwa ndani.

Rangi pekee haitoshi kumtambua nyoka. Hata hivyo hakuna haja ya kumkamata, kwa sababu daktari anaweza kutibu kwa kufuata dalili. Aliyeumwa asichanjwe, jeraha lisinyonywe wala kufungwa kamba. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, na awahishwe hospitali. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.