Voi ilipoambiwa isusie maziwa, mafuta na laini ya simu

Mapema Novemba 2017, wiki moja tu baada ya marudio ya uchaguzi wa urais ambayo upinzani ulikataa kushiriki, muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake waache kununua bidhaa na huduma za kampuni tatu: Safaricom, Brookside na Bidco. Safaricom ililaumiwa kwa usafirishaji wa matokeo ya uchaguzi wa kwanza wa Agosti, lawama ambazo ilizikana. Brookside ilikuwa ya familia ya Rais Uhuru Kenyatta, jambo lililojulikana na kila mtu. Bidco ilitajwa kwa madai kwamba wakuu wake walikuwa karibu na serikali. Katika kaunti ya Taita Taveta, ambako Raila Odinga, mgombea wa NASA, alikuwa ameongoza kura za Agosti, wito huo ulipata masikio tayari.

Nauandika upya mkasa huu kwa sababu naamini ulisimuliwa nusu. Magazeti na televisheni vilitupa sauti za vinara, majibu ya kampuni na mijadala ya wachambuzi wa Nairobi. Nusu ya pili ilikuwa kwenye vibanda, na huko kamera hazikufika.

Ukishuka kwenye stendi ya matatu mjini Voi, Taita Taveta, na kushika njia ya sokoni, huna haja ya kusoma jina la duka ili ujue linauza nini. Ukuta unakwambia. Kijani ni Safaricom, nyekundu ni Airtel. Kampuni huja na mafundi wake, hupaka bila malipo, na mwenye kibanda hushukuru, maana rangi ni ghali na jua la Voi pamoja na vumbi jekundu la Tsavo huichakaza upesi. Nambari ya wakala huandikwa kwa herufi kubwa karibu na dirisha. Kwa miaka kumi, tangu M-Pesa, huduma ya pesa ya Safaricom, ianze Machi 2007, kijani hicho kilimaanisha mahali pa kuweka na kutoa pesa. Ghafla kikawa na maana ya chama, na mama aliyekaa ndani yake, ambaye pengine alipiga kura sawa na jirani zake wote wa Sofia au Mwakingali, akajikuta amevaa rangi ya mahasimu wao.

Wakala si mwajiriwa wa Safaricom. Floti, yaani pesa ya kuendeshea miamala, ni yake mwenyewe, mara nyingi mkopo wa chama cha akina mama au akiba ya mauzo ya mboga. Analipwa kamisheni kwa kila muamala, na muamala usipofanyika, hapati kitu. Kodi ya kibanda haipungui kwa kuwa kuna mgomo. Kampuni iliyolengwa ina mamilioni ya wateja wa kuisaidia kubeba hasara ya mji mmoja. Wakala wa Voi ana watu wa mtaa wake tu. Kama kweli walisusia, aliyeumia kwanza ni yeye, na kama hawakususia, hakuna aliyeumia. Nashindwa kuona njia ya tatu katika hesabu hiyo.

Kususia kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko ilivyosikika jukwaani. Wakati ule pesa za simu zilikuwa bado hazivuki moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mwenye laini ya Airtel aliyetumiwa pesa kutoka M-Pesa alipokea ujumbe wenye nambari ya siri, kisha akalazimika kwenda kutoa pesa zake kwa wakala wa M-Pesa, kwenye kibanda kilekile cha kijani. Njia ilianza kufunguliwa kwa majaribio Januari 2018, na huduma kamili ikaja Aprili. Kwa kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo, watu wakiwa wametawanyika kutoka milima ya Taita hadi Kasigau na Taveta, kijana anayefanya kazi Mombasa humtumia mama yake pesa kwa njia ambayo mama anaweza kuifikia kwa miguu. Siasa yake inaweza kuwa kali kupindukia, lakini mama lazima ale.

Mafuta ya kupikia nayo yana jambo lake. Bidco ndiyo yenye Kimbo, Elianto na Golden Fry, na kwenye rafu ya duka kubwa unaweza kuamua kuchukua chapa ya kampuni nyingine. Kwenye kibanda mafuta ni ya kupima. Yamo kwenye mtungi wa plastiki, yanamiminwa kwa kikombe kidogo hadi kwenye chupa aliyoleta mteja, na mtungi hauna jina. Anayenunua mafuta ya shilingi ishirini hajui yametoka kwa Bidco au kwa kampuni nyingine kama Kapa, na muuzaji mwenyewe huchukua yale ambayo muuzaji wa jumla ameyaleta kwa bei nzuri siku hiyo. Hawezi kuyasusia mafuta ambayo hajui ni ya nani.

Maziwa ndiyo yangeweza kuleta tofauti. Milimani Taita, Werugha na Mgange, watu wanafuga ng'ombe wa maziwa, na chai ya vibandani haikosi kitu ikipikwa kwa maziwa ya huko. Tena jina la Kenyatta halikuanza kwetu na pakiti ya maziwa. Familia hiyo ina shamba kubwa Taveta, Gicheha, katika wilaya ya zamani ambayo maskwota wake wamelilia ardhi miaka nenda miaka rudi huku mashamba ya mkonge na ranchi yakiwazunguka. Mtu wa Taveta aliyeambiwa asinunue Brookside aliletewa kinyongo cha ardhi ndani ya mfuko wa nusu lita. Lakini ni Taveta hiyohiyo iliyomrudisha bungeni Naomi Shaban kwa tiketi ya Jubilee, chama cha Uhuru, mwaka huo. Kaunti ambayo magazeti yaliipaka rangi moja ilikuwa na watu wa rangi mbili, wengine wakiwa wake na waume wa nyumba moja.

Na Brookside yenyewe haikuwa ya familia peke yake. Kampuni ya Danone ya Ufaransa ilinunua asilimia 40 ya hisa zake mwaka 2014. Safaricom ilikuwa na serikali kwa asilimia 35, Vodacom na Vodafone kwa 40, na robo iliyobaki ikiwa mikononi mwa umma, wakiwemo walimu na wastaafu walionunua hisa kwa shilingi 5 mwaka 2008. Habari hizi hazikuwa siri. Zilistahili kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, jirani na picha ya vinara, ili msomaji wa Voi ajue shilingi yake inaishia wapi kabla ya kuamua. Alipewa kelele badala yake.

Matokeo yalionekana kwenye vitabu. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2018, Safaricom ilipata faida halisi ya shilingi bilioni 55.3, ongezeko la karibu asilimia 14. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila walishikana mikono mbele ya Harambee House, na orodha ile ikafifia. Hakuna aliyekwenda kibandani kumwambia mama kwamba sasa ameruhusiwa kuwa jirani tena.

Mwambao wetu umewahi kuona mgomo uliouma kweli. Baada ya uchaguzi wa 1995, Pemba na sehemu za Unguja, wafuasi wa vyama vya CUF na CCM walifika mahali pa kutonunua kwenye duka la mwenzao, kutopanda gari lake, hata kutozikana. Wazee walikumbuka mambo yaleyale ya 1957 na 1958, enzi za vyama vya ASP na ZNP. Mgomo wa Pemba ulishika kwa sababu aliyesusiwa alikuwa mtu anayejulikana kwa jina na sura, na duka jingine lilikuwa hatua chache tu mbele. Uliwararua watu. Sina hamu hata kidogo ya kuona Voi ikifanikiwa hivyo.

Marekani, ambako watu wamezoea kununua au kususia kwa misingi ya siasa, somo ni hilohilo kwa njia nyingine. Bia ya Bud Light ilisusiwa kuanzia Aprili 2023 kwa sababu ya tangazo lake na mwanamke aliyebadili jinsia, na kufikia Juni ilikuwa imeipisha Modelo Especial kileleni mwa mauzo. Bia mbadala ilikuwa kwenye friji hiyohiyo kwa bei ileile. Kampuni ya vyakula ya Goya ilipata kinyume chake Julai 2020: mkuu wake alimsifu Donald Trump, wapinzani wakaita mgomo, wafuasi wakamiminika madukani. Watafiti wakiongozwa na Jura Liaukonyte wa Chuo Kikuu cha Cornell walipima mauzo wakakuta yalipanda asilimia 22 kwa wiki mbili, kisha baada ya wiki tatu hivi athari hiyo ikaisha. Vyombo vya habari vya huko viliendelea kuisimulia Goya kama vita muda mrefu baada ya wanunuzi kurudia maharagwe yao ya kawaida.

Kwetu ugonjwa huu wa kususia kwa siasa umeingia kwenye vyombo vya habari vyenyewe. Machi 2023, muungano wa upinzani wa Azimio ulipotoa orodha yake mpya, Safaricom ilirudi, ikaongezwa benki ya KCB na gazeti la The Star. Juni mwaka huohuo waziri Moses Kuria akawatisha maafisa wa serikali watakaopeleka matangazo kwa Nation Media Group. Machi 2024 barua ya serikali ikaelekeza matangazo ya utangazaji ya idara zake yaende KBC, shirika la utangazaji la serikali. Gazeti linalosusiwa na upinzani na kunyimwa matangazo na serikali litapata wapi ujasiri wa kumhoji mwenye kampuni anayelipia kurasa zake? Redio ndogo za kaunti yetu ziko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu mtangazaji mkubwa mmoja akiondoka, mishahara ya mwezi inaondoka naye.

Kinachonitia hofu zaidi ni Machi 27, 2023. Siku hiyo kundi la watu lilivamia shamba la Northlands la familia ya Kenyatta na kuondoka na kondoo, na wengine wakakishambulia kwa mawe kiwanda cha mitungi ya gesi cha East Africa Spectre, mali ya familia ya Odinga. Juni 25, 2024, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, klabu ya Timba XO ya mbunge Oscar Sudi ikaporwa Eldoret. Kampuni ikishapewa chama, hatua ya kutoka kususia hadi kuvunja mlango ni fupi, na ndani ya jengo hilo wafanyakazi ni watu wa mtaani wasio na hisa wala kiti bungeni.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na sioni sababu ya kudhani hakutatoka orodha nyingine. Wahariri wana muda wa kutosha kumtuma mwandishi Voi, Mwatate na Taveta. Aende na majina ya wenye hisa. Amuulize wakala floti yake ni kiasi gani na ameikopa wapi, amuulize mwenye kibanda mafuta ya mtungini ameyanunua kwa nani, amuulize mfugaji wa Werugha maziwa ya jioni anayapeleka wapi. Majibu hayo yachapishwe juu ya ukurasa, na maneno ya vinara yafuate chini yake.