Makanisa ya Kale ya Uingereza na Siri Zake

Leo nakupeleka ziara ya mbali bila nauli. Mimi mwenyewe sijafika Uingereza. Nilikofika ni maktabani tu, lakini niliyoyasoma huko siwezi kuyanyamazia.

Vijiji vingi vya zamani nchini humo vina kanisa la parokia, na mengi yalijengwa kabla ya mwaka 1500. Kuna wageni ambao huutazama mnara, wakapiga picha, wakaenda zao. Hao wameukosa uhondo! Kanisa la kale ni sawa na kitabu: sharti ujue kulisoma.

Anza na kuta. Katika kanisa la Ashwell, kaunti ya Hertfordshire, kuna maneno ya Kilatini yaliyokwaruzwa kwenye mawe ya mnara. Yanataja tauni ya mwaka 1350, kisha dhoruba kali ya 1361. Sisi tukikwaruza madawati tunaadhibiwa, na ni haki, kwani tunaandika majina yetu tu. Yule wa Ashwell hakuandika jina lake. Aliandika msiba wa kijiji kizima.

Kisha tafuta picha. Zamani makanisa yalijaa michoro, maana wengi hawakujua kusoma. Katika karne ya 16, Uingereza ilipoachana na Papa, michoro hiyo ilipakwa chokaa. Huko Wenhaston, kaunti ya Suffolk, mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa mwaka 1892 walitupa nje mbao kuukuu zilizopakwa chokaa. Usiku mvua ikanyesha, chokaa ikatoka. Lahaula! Kumbe palikuwa na picha ya Siku ya Hukumu: roho zinapimwa kwenye mizani, na mfalme na askofu wamesimama uchi, wamebaki na taji na kofia tu. Mbao hizo zimo kanisani hadi leo.

Lakini hali si shwari. Waumini wamepungua, na paa la kale ni ghali kuziba. Shirika la Churches Conservation Trust, lililoanzishwa mwaka 1969, linatunza makanisa zaidi ya 350 ambayo parokia hazikuyahitaji tena. Mengine yanategemea wanakijiji wachache wanaofagia na kushika funguo. Paa likivuja, kinachooza si mbao tu. Wafalme wameandikiwa vitabu. Wakulima wa Ashwell wana ukuta ule tu.

Kwa hivyo, msomaji, siku ukijaliwa kufika huko, usipite njia. Fungua mlango polepole, soma kuta, usiguse michoro, na kabla ya kutoka utie chochote kwenye sanduku la michango. Kuingia kwa kawaida ni bure, lakini paa haliezekwi bure. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.