Buibui Anayemtambua Mbu Aliyeshiba

Kwenye kuta za nyumba kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, anaishi buibui mwenye urefu wa takriban milimita 5. Wanasayansi walimpa jina Evarcha culicivora mwaka 2003, naye anajulikana kuishi katika ukanda wa ziwa hilo tu.

Hatandi utando wa kunasia mawindo. Hunyemelea, kisha huruka. Anachotamani ni damu, lakini mdomo wake haukuumbwa kutoboa ngozi ya mtu wala mnyama, basi huipata kwa mkono wa pili: humla mbu jike aliyekwisha kunyonya. Majaribio yaliyofanywa Mbita, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa hilo, na kutangazwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, humpita mbu dume na mbu jike mwenye njaa, akamfuata aliyejaa damu.

Aliyewahi kulala karibu na ziwa atajua ugumu wa kazi hiyo. Vijidudu vya ziwani hutoka majini kama moshi na kutua ukutani kwa wingi usiohesabika, na vingi vinafanana na mbu. Humo ndimo buibui huyu humtafuta mbu wake. Hutazama tumbo lililovimba kwa damu. Hutazama hata vipapasio, kwa kuwa vya mbu dume vina manyoya mengi kuliko vya jike. Tena buibui wachanga humpendelea Anofelesi, mbu aenezaye malaria, ambaye akitua huinua tumbo juu. Buibui mchanga humzunguka taratibu na kumvamia kutoka nyuma, chini ya tumbo hilo. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha zaidi, maana hakuna aliyemfundisha.

Uwezo wa kunusa nao hauko nyuma. Watafiti walimwekea soksi iliyovaliwa na soksi safi, akavutwa na harufu ya ile iliyovaliwa, kwani palipo na mtu hapakosi mbu aliyeshiba. Damu hiyo si chakula tu: humpa buibui harufu inayomvutia mwenzi.

Hatamaliza malaria, na asichukuliwe kuwa badala ya chandarua. Lakini hamuumi mtu kutafuta damu, na anawala mbu wanaotuuma. Wewe unayeishi kando ya ziwa, ukimwona ukutani wakati wa kufagia, mwache aendelee na kazi yake.