Pikipiki Mpya Ikiharibika, Waranti Kwanza Kisha Spana

Boda anayefanya kazi kati ya Chakol, Adungosi na Malaba hununua pikipiki mpya ili apate chombo cha kumtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha jioni bila kukisukuma. Mwezi wa tatu ekzosi inaanza kutoa moshi wa samawati, dalili kwamba oili inaungua ndani ya injini. Abiria wanasubiri na mkopo haulali, kwa hiyo pikipiki inakokotwa hadi kwa fundi wa karibu. Jioni injini iko wazi juu ya gunia. Hapo ndipo waranti nyingi hufia.

Fundi hana hatia. Mafundi wa jua kali walio kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba wana mikono hodari. Lakini injini ikishafunguliwa, muuzaji ana jibu rahisi: mtu mwingine ameigusa, na hatujui alifanya nini. Ushahidi wa kasoro ya kiwandani umekwenda na gasketi iliyotupwa kwenye majani. Ninawaomba wasomaji wangu wa mpaka wa Kenya na Uganda washike jambo moja: madai ya waranti hushinda kwa ushahidi, na ushahidi huo huanza kuwekwa siku ya kununua.

Waranti ni mbili

Waranti ya kwanza imo katika kijitabu kinachokuja na pikipiki. Kiwanda kinaahidi kutengeneza au kubadilisha bure sehemu yenye kasoro kwa muda fulani au kilomita fulani, chochote kitakachotangulia. Tuseme kijitabu kinasema mwaka mmoja au kilomita 12,000. Anayeendesha kwenda kanisani na sokoni atapata mwaka mzima. Boda anayekimbia kilomita 100 kwa siku ataimaliza ndani ya miezi minne. Asiyelijua hilo huenda kudai mwezi wa saba akiwa na uhakika wote, akaambiwa muda ulikwisha zamani.

Waranti ya pili imetoka kwenye sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa, tena inayofaa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, katika kifungu cha 5, inarudia sharti la ubora na kubatilisha maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kulifuta. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, anayewajibika kwako ni aliyekuuzia. Hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya kiwanda.

Sheria hiyo pia ina masharti kwa mnunuzi. Ukiikagua pikipiki dukani, hutasikizwa baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi ule ungeifichua. Kwa hiyo iwashe, sikiliza injini ikiwa baridi, ingiza gia zote, tazama chini kama kuna tone la oili, linganisha namba ya chesisi na ya makaratasi. Ukikaa nayo muda mrefu bila kulalamika, utahesabiwa kuwa umeikubali. Bado unaweza kudai fidia, ila haki ya kuirudisha itakuwa imekuponyoka. Na unaponunua, mwambie muuzaji kwamba ni ya kazi ya boda, umwombe aliandike hilo kwenye risiti.

Vitu vinavyoua madai

Cha kwanza ni kebo ya mita, waya mwembamba unaotoka kwenye gurudumu la mbele kupanda hadi kwenye saa ya kilomita. Kwenye barabara zetu za murram huingia vumbi, hukauka na kukatika, na wengi huiacha hivyo kwa sababu pikipiki bado inatembea. Tangu siku hiyo kilomita zimeganda. Kwa muuzaji, mita iliyoganda ina maana kwamba hakuna anayejua pikipiki imetembea kiasi gani, naye hukataa madai yote, hata ya kasoro isiyohusiana na kilomita. Badilisha kebo siku inapokatika na uweke risiti yake.

Cha pili ni sevisi ya kwanza. Hufanywa mapema, mara nyingi kabla ya kilomita 1,000, kwa sababu injini mpya huacha chembe za chuma ndani ya oili wakati vyuma vinazoeana. Ukiiruka, chembe hizo zitaendelea kuzunguka na kukwaruza silinda, na kijitabu kitabaki bila muhuri. Tumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kijitabu, na uinunue kwa risiti.

Yako pia mambo yasiyolipiwa na waranti hata ukifuata kila sharti. Breki, klachi, balbu, plagi, tairi na chujio la hewa huchakaa kwa matumizi. Kukata nyaya ili kufunga spika au taa za ziada, kuinua springi za nyuma, kuchomelea keria kubwa ya magunia ya mahindi: yote hayo humpa muuzaji sababu ya kukataa. Vivyo hivyo kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, maana sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu.

Kwa kasoro za betri na tairi, waranti mara nyingi ni ya kampuni zilizozitengeneza. Uliza mapema nani anabeba nini.

Waranti haivuki mpaka

Pikipiki za pande zote mbili za mpaka hufanana, na bei huvutia upande huu leo na ule kesho. Lakini waranti kwa kawaida hutolewa na wakala wa nchi moja, na wa nchi ya pili halazimiki kuitambua. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilirahisisha kupita kwa watu na mizigo. Hakikurefusha waranti. Aliyenunua upande wa Uganda atalazimika kuirudisha huko, na madai yake yatafuata sheria za huko, tena baada ya kumalizana na forodha kuhusu kuiingiza Kenya.

Jinsi ya kudai

Hitilafu ikitokea, simama. Piga picha ya mita, ya mahali palipoharibika na ya namba ya chesisi, na urekodi video ya sauti au moshi. Mpigie muuzaji, kisha siku hiyo hiyo mwandikie ujumbe, maana maneno ya simu hayana ushahidi. Unapoiacha gereji, dai karatasi yenye tarehe, kilomita na hitilafu kwa maneno yako mwenyewe. Ukirudishiwa, dai nyingine inayosema kilichobadilishwa. Hitilafu ile ile ikirudi, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba matengenezo hayajafaulu.

Kama unalipa mkopo, usiache kulipa kwa hasira. Mara nyingi mkopo ni mkataba wake, na ubovu wa pikipiki hausimamishi deni. Mwandikie mkopeshaji, mpe nakala ya karatasi ya gereji na uombe muda. Naye ana maslahi katika pikipiki hiyo, na barua yake kwa muuzaji ina uzito.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha andika barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti, vipuri au huduma ya matengenezo, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Muulize karani wa mahakama ya Busia ni wapi pa kuiwasilisha.

Nguvu kubwa kuliko zote, hata hivyo, mnayo kabla ya kulipa. Steji nzima ya Chakol ikiamua kununua pamoja, muuzaji atawasikiliza kuliko anavyomsikiliza mtu mmoja aliyekwama. Mwulizeni: gereji yenu iliyo karibu iko wapi, ina vipuri gani leo, na pikipiki ikikaa humo wiki mbili mtatupa nyingine ya kufanyia kazi? Pesa zenu mpeni atakayejibu kwa maandishi.