Tusome Maneno Kabla ya Kuhukumu Wimbo

Katika mji wetu hapana mahali panapokusanya sauti nyingi kama Darajani. Adhana, kelele za wauza samaki, kasida, taarabu na nyimbo za Kizungu, zote hukutana hapo. Na hapo hapo, katika vibaraza, husikika pia hukumu: kwamba muziki wa roki umejaa alama za Kikristo, na kwamba kijana anayeusikiliza anavutwa pole pole kutoka katika dini ya wazazi wake. Jambo hili si dogo. Linahusu imani za watoto wetu, na linamhusu pia mwimbaji mmoja aliyezaliwa katika mji huu huu. Yafaa basi tulitazame kwa utulivu.

Mwimbaji huyo ni Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba, 1946. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa Mahkama Kuu wakati wa utawala wa Kiingereza. Wazazi wake walikuwa Maparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroaster iliyoanzia Uajemi. Mtoto alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, iliyofuata misingi ya Kanisa la Uingereza. Alirejea Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakaunda bendi ya Queen mjini London.

Santuri ya kwanza ya bendi hiyo ilitoka mwaka 1973, na ndani yake mna wimbo alioutunga yeye mwenyewe, uitwao "Jesus", yaani Yesu. Mwenye kutafuta alama za Kikristo hapo hana haja ya kuchimba. Wimbo wataja mkoma anayeponywa, umati unaokwenda kumtazama mponyaji, na wenye hekima watatu walioifuata nyota mpaka Bethlehemu. Msikilizaji mwenye haraka hukata shauri papo hapo: huyu alikuwa Mkristo, na wimbo wake ni mahubiri.

Sisi twasema: ngoja kwanza. Tuzitazame alama hizo moja moja.

Mkoma si mgeni kwetu. Kila aliyekaa chuoni akasoma Surat Al-Imran anajua kwamba aya ya 49 yamtaja Nabii Isa akiwaponya vipofu na wenye mbaranga, ambao wafasiri wengine huwaita wakoma, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Habari hiyo basi si ya kanisa peke yake.

Nyota ni jambo jingine. Habari yake haimo katika Kurani. Imetoka katika Injili ya Mathayo. Lakini je, ni nani walioifuata? Biblia ya Kiswahili yawaita mamajusi. Na Majusi ni jina lile lile lililomo katika Surat Al-Hajj, aya ya 17, jina ambalo Waislamu wamewaitia wafuasi wa Zoroaster kwa karne nyingi. Tazameni ajabu hiyo: alama inayohesabiwa kuwa ya Kikristo kuliko zote katika wimbo ule yamrudisha msikilizaji kwenye dini ya wazazi wa mtunzi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Tuendelee mpaka mwaka 1975, ulipotoka wimbo wa "Bohemian Rhapsody". Humo limo neno Bismillahi, na limo pia jina la Belzebuli, mkuu wa mashetani anayetajwa katika Injili. Mmoja akishika Bismillahi atasema mtunzi alikuwa Mwislamu. Mwingine akimshika Belzebuli atasema alikuwa Mkristo, au mabaya zaidi ya hayo. Mwenyewe hakupenda kuufafanua wimbo huo. Alipofariki tarehe 24 Novemba, 1991, mazishi yake mjini London yaliongozwa na makasisi wa Kiparsi. Hayo yatosha kuonyesha kwamba alama iliyomo wimboni si shahada ya mwimbaji.

Hatusemi kwamba hakuna nyimbo za roki zinazotangaza dini. Bob Dylan wa Marekani, baada ya kuingia Ukristo, alitoa mwaka 1979 santuri ya "Slow Train Coming", nayo ilikuwa tangazo la imani lisilofichwa. Lakini kuna anayetangaza na kuna anayeazima. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Amelelewa na taarabu. Anajua kwamba ua linaloimbwa si ua la bustanini, na kito kinachosifiwa hakiuzwi kwa sonara. Kwa nini basi elimu hiyo ya mafumbo tuiache mlangoni tunaposikia gitaa?

Mwaka 2006, mipango ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa hapa Unguja na jumuiya ya Uamsho, kwa hoja ya maadili ya Kiislamu, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani. Mjadala wa maadili ni haki ya wananchi. Lakini mwenendo wa mtu ni jambo moja, na maneno ya nyimbo zake ni jambo jingine. Mwenye kuyachanganya hatendi haki kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wenye dhamana ya utamaduni wasikubali wala kukataza wimbo kwa sababu ya neno moja lililodakwa barabarani. Wausome wote, waulize neno hilo limetoka wapi na linafanya kazi gani. Wazazi nao wakae na vijana wao wawaeleze, kwani kijana aliyeelezwa hababaiki. Kutoka Darajani mpaka Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, ni mwendo wa dakika chache. Vizazi vya watoto wa chuoni vimepita mbele ya msalaba ule, juzuu mkononi, vikafika nyumbani na dini yao salama. Kilichowalinda ni mafunzo waliyoyapata, wala barabara ile haikufungwa hata siku moja.