Nyumba ya Ayeyo na Safari Zake

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimeniomba niandike makala ya kueleza jambo, nami nimeamua kueleza nyumba. Si jumba la kifahari. Ni nyumba ya miti iliyokuwa imesimama nyuma ya nyumba yetu ya mawe hapa mjini Garissa mpaka likizo ya Agosti, nyumba ya ayeyo, yaani nyanya mzaa baba.

Nyumba yenyewe ni aqal. Wengi wenu mnaijua, na baadhi yenu mmezaliwa ndani yake, lakini wenzetu waliotoka bara huiita manyatta au kibanda. Nilipokuwa shule ya msingi niliandika insha juu ya "nyumba yetu ya miti", na mwalimu mmoja akalikata neno nyumba kwa kalamu nyekundu, akaandika "kibanda" juu yake. Niliudhika, ila sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo.

Kwanza tuone jinsi inavyojengwa. Aqal haina msumari hata mmoja. Kiunzi chake ni miti mirefu iliyopindwa kama upinde, ambayo Kisomali huiita dhigo, nami nitaiita mbavu. Mti hukatwa ungali mbichi, hasa mkole au mgunga, hupindwa polepole, kisha hufungwa kwa kamba mpaka ukauke ukiwa umeshika umbo hilo. Ncha moja huchomekwa katika shimo ardhini, nyingine hukutana na wenzake juu, na pale zinapopishana hufungwa kwa kamba. Katikati kuna nguzo, udub, inayobeba uzito. Juu ya mbavu hutandazwa mikeka na ngozi, halafu kamba hupitishwa juu yote.

Ayeyo anasema kamba za zamani zilitoka katika magome ya miti, na wanawake waliyatafuna mpaka yakawa laini ndipo wakayasokota. Nilimwuliza kama meno hayakuuma. Akanionyesha meno yake, akacheka.

Sasa, kwa nini iwe duara na si pembe nne? Upepo wetu mnaujua. Ukuta ulionyooka hupigana nao, bali mgongo wa mviringo huuacha upite. Tena vifungo vya kamba hulegea kidogo na kukaza, basi nyumba huyumba isivunjike. Mkeka nao una akili yake: wakati wa jua hewa hupenya katikati ya nyuzi, na mvua ikinyesha nyuzi hufura zikaziba. Adhuhuri joto la Garissa hupita nyuzi 35, na chini ya mabati yetu hata kusoma hakusomeki. Mimi nilifanyia hesabu zangu zote za kidato cha pili kwa ayeyo.

Jambo ambalo wenzetu wavulana hawapendi kulisikia ni kwamba aqal ni mali ya mwanamke. Msichana akiolewa, mama yake na jamaa wa kike humwandalia mikeka na mbavu, wakamjengea. Yeye ndiye huisimamisha, huibomoa, huipakia juu ya ngamia. Mume akigombana na mkewe, anayetoka nje ni mume! Kwa hivyo wahandisi wa huku kwetu walikuwa nyanya zetu, ingawa hakuna aliyewapa cheti.

Historia ya nyumba ya ayeyo inaanzia kwenye udub wake, ambao ni mkubwa kwa umri kuliko ayeyo mwenyewe. Ulikuwa wa mama yake. Wakati wa vita vya shifta, vilivyoanza 1963 vikaisha 1967, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, na watu hawakuruhusiwa kuhama na mifugo. Nyumba iliyozoea kuhama kila malisho yanapokwisha ikakaa mahali pamoja zaidi ya mwaka. Mchwa wakaingia. Mbavu zote zikaliwa kutoka chini, ikasalimika nguzo peke yake kwa kuwa ilisimama karibu na moto na moshi ukaikausha. Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kwa nyumba hii, kuhama ndiyo dawa. Kila inapofunguliwa, kila mti huangaliwa, uliooza hutupwa, ulio mzima huendelea na safari.

Ayeyo aliolewa miaka michache baadaye, akapewa mbavu mpya na ule udub wa zamani. Ngamia wawili waliibeba nyumba nzima. Mikeka ilitangulia mgongoni kama tandiko, mbavu zikafungwa ubavuni, ncha zao zikainuka juu kama pembe, na katikati yake akakaa mtoto. Baba yangu alisafiri hivyo. Nikimtazama leo akiendesha gari lake najaribu kuiona picha hiyo, nashindwa.

Ukame wa 1984 uliwaua ngamia wengi. Familia ikasogea karibu na mto Tana. Halafu mwisho wa 1997 ikaja mvua ya El Niño, na nyuma yake homa ya Bonde la Ufa, ambayo iliua mbuzi na kondoo na hata watu katika mkoa wetu. Mwaka uliofuata ayeyo aliingia mjini na mzigo wake, akaisimamisha aqal katika bula yetu. Baba alipojenga nyumba ya mawe, ayeyo alikataa kulala ndani. Ati mawe hayapumui.

Mikeka ilipochakaa hakukuwa na wa kusuka, basi ikafunikwa kwa turubai, kama zile nyumba zinazoonekana Dadaab tangu kambi zifunguliwe 1991. Mbavu zilizovunjika zilibadilishwa kwa mathenge, mti ule ule tunaoulaani kwa miiba yake. Kila asubuhi ayeyo aliwasha moto mdogo ndani kwa ajili ya moshi, majirani wakidhani ni chai tu.

Novemba 2023 mto ulipofurika, maji yaliingia mtaani kwetu. Kuta za udongo za majirani zilianguka, na nyumba yetu ya mawe ikapata ufa ambao upo hadi leo. Ayeyo alituita mimi na dada zangu, akatuonyesha kifungo cha kwanza. Kabla ya magharibi nyumba yote ilikuwa juu ya mikokoteni miwili ya punda ikielekea mahali pa juu. Hapo ndipo nilipozihesabu mbavu: 34, na 9 kati yake ni zile za arusi yake.

Kule Mongolia wafugaji wana nyumba ya miti ya kuhama iitwayo ger, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Naye msomi wa usanifu wa majengo, Labelle Prussin, alitoa kitabu kizima 1995 juu ya nyumba za wahamaji wa Afrika, na wanawake wazijengao. Kwa hiyo, mwalimu wangu wa zamani, kama unasoma gazeti letu, ni nyumba.

Mwaka huu baba aliamua kujenga vyumba vya kupangisha mahali pale, maana karo zetu ni nyingi. Nilidhani ayeyo atalia. Hakulia. Aliniambia nyumba hii imebomolewa mara ambazo hawezi kuzihesabu, na hakuna siku hata moja ilipobomolewa pasipo yeye kujua itasimama wapi jioni. Kisha akaanza kufungua, nami nikamsaidia.

Mbavu 34 zimefungwa mafungu matatu, zimelazwa juu ya paa la jiko. Kila moja nimeipa nambari kwa rangi, na katika daftari langu nimechora kila nambari na mahali pake, kwa maelekezo ya ayeyo, ambaye alinirudisha nyuma mara mbili nilipokosea. Udub alikataa uwekwe nje. Uko chini ya kitanda chake, katika chumba cha mawe, na ncha yake imetokeza kidogo mlangoni. Kila mtu anayeingia hujikwaa, wala hakuna anayethubutu kuusogeza.