Kukimbia Alfajiri: Somo la Wapagazi wa Unyanyembe

Mgeni anayelala Tabora karibu na shule ya bweni hana haja ya saa ya kumwamsha. Kabla jua halijatoka atasikia vishindo vya miguu barabarani na nyimbo, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Huo ndio mchakamchaka, na kila aliyesoma shule katika nchi yetu anaujua. Lakini mgeni huyo akiwa na masikio mepesi, atasikia pia miguu michache iliyotangulia, isiyo na wimbo. Hao ndio wanariadha wa shule, ambao huanza mazoezi yao wenzao wakiwa bado kitandani. Mimi ni mmoja wao, na leo napenda kueleza habari za mazoezi hayo: kwa nini hufanywa saa hizo, faida yake ni nini, na hasara yake hutoka wapi.

Kwanza yafaa tusichanganye mambo mawili. Mchakamchaka ni wa watu wote. Ni mwendo mfupi wa polepole wa kuchangamsha mwili na kuondoa uvivu, na hata asiyejua kukimbia huumaliza. Mazoezi ya mwanariadha ni kazi nyingine. Yeye hukimbia kilomita nyingi au hurudia mbio kali mara kadhaa, na nia yake ni kuuchosha mwili kwa kipimo, ili ukipumzika upate nguvu zaidi ya zile ulizokuwa nazo. Neno hilo la kupumzika nawaomba mlishike, maana nitalirudia.

Sababu za kuchagua alfajiri ni za kweli. Sababu ya kwanza ni joto. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na usiku wake ni wa baridi ya kupendeza. Lakini mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la mchana ni kali sana. Sababu ya pili ni ratiba. Mchana ni wa masomo, na jioni kuna kazi za mikono, chakula na kujisomea. Sababu ya tatu ni mashindano yenyewe, kwa kuwa mbio ndefu aghalabu huanza asubuhi mapema. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, ndugu yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia iliyoanza asubuhi, akamshinda mpinzani wake kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde moja. Akawa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika mashindano hayo. Mtu anayetaka kushindana saa kama hizo sharti auzoeze mwili wake kuamka.

Tena, jambo hili si geni hapa kwetu. Watu wa Unyanyembe walikuwa wakianza safari alfajiri zamani sana, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, vijana waliochukua mizigo ya kilo 30 hivi begani au kichwani kwa miezi mizima. Hatusahau kuwa njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo, na habari hizo ni za huzuni. Lakini katika kazi ya kutembea, wapagazi walikuwa mabingwa, na hekima yao yafaa kuchunguzwa na kila mwanariadha.

Mwingereza Richard Burton alisafiri nao pamoja na John Speke, wakafika Kaze, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 alieleza siku ya msafara ilivyokuwa. Moto ulichochewa gizani, watu wakaota na kula kidogo, na yapata saa kumi na moja alfajiri kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akatangulia na bendera yake. Mwendo ulikoma kwa kawaida kabla ya adhuhuri. Hapo vibanda vilijengwa, chakula kikapikwa, na watu wakapumzika kivulini wakati wa jua kali. Tena yapata saa mbili za usiku, wito wa kulala ulisikika kambini.

Basi wasomaji, hapa ndipo nilipoona kosa letu. Sisi tumewaiga wapagazi katika kuamka, lakini hatukuwaiga katika kulala. Wao walilala saa mbili ili waamke saa kumi. Sisi twatoka darasani kujisomea karibu saa nne, twazungumza kidogo bwenini, kisha twaamka saa kumi na nusu. Tena mchana wao walikaa kivulini, na sisi twakaa mbele ya ubao tukifundishwa hesabu.

Haya tupige hesabu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa shauri kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Mwanariadha anayelala saa nne na kuamka saa kumi na nusu amelala saa 6 na nusu. Amepungukiwa na saa moja na nusu, hata kwa kipimo kile cha chini. Kwa siku tano za shule, deni lake ni saa 7 na nusu, karibu usiku mzima. Ni kana kwamba kila juma halali kabisa usiku mmoja, kisha anashangaa kwa nini miguu ni mizito.

Wengine husema kuwa huo ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Elimu ya mwili yasema vingine. Katika umri wetu saa iliyo ndani ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini, ambayo huutayarisha mwili kwa usingizi, huchelewa kutoka kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Ndiyo maana kijana hugeuka-geuka kitandani mapema usiku, na alfajiri haamki. Tena, joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa kabla ya kupambazuka, kisha hupanda polepole mpaka jioni. Misuli iliyopoa haifanyi kazi kama misuli yenye joto. Kwa hiyo mbio kali za alfajiri, bila kupasha mwili moto kwanza, ni hatari. Na ni usingizini mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na ubongo unapoyaweka mahali pake yale tuliyojifunza mchana. Mwaka 2014 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wanamichezo 112. Waliolala chini ya saa 8 walikuwa katika hatari ya kuumia mara 1.7 kuliko wenzao.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa magharibi hasa. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua halifuati saa zetu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, na Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii 6 na nusu hivi. Kwa hiyo jua hutufikia baada ya dakika 26. Hapa Tabora, katika mwaka mzima, jua halichomozi kabla ya saa kumi na mbili na robo. Mwanafunzi wa pwani akikimbia saa kumi na moja na nusu, mara kwa mara huona weupe wa alfajiri; sisi saa hiyo twakimbia gizani. Lakini tulichonyang'anywa asubuhi twarudishiwa jioni, kwani hapa jua halizami kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Sikujifunza haya kwa kusoma tu. Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nilichaguliwa kukimbia mita 5,000 na pia mita 400 za kupokezana vijiti. Nilijivuna sana. Kila usiku baada ya taa kuzimwa nilijifunika blanketi na kusoma kwa tochi mpaka saa sita, na saa kumi na nusu nilikuwa wa kwanza kiwanjani. Wenzangu walinionya, nami nikawaambia kuwa usingizi ni wa wazee. Katika jaribio la fizikia nilijibu maswali mawili, nikalala juu ya karatasi. Hata hilo halikunifunza. Siku nne kabla ya mashindano, tukikimbia gizani, wenzangu waliliona shimo wakaliruka; mimi nilikuwa kama mtu anayeota, nikaingia humo na kifundo cha mguu kikateguka.

Siku ya mashindano nilikaa kwenye benchi na bandeji. Kijana aliyewekwa mahali pangu hakuwa amefanya mazoezi ya kupokea kijiti, kikamponyoka. Wenzangu watatu walikuwa wamefanya kazi muhula mzima, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Je, tuache mazoezi ya alfajiri? La, sisemi hivyo. Nasema tuyalipie bei yake. Maoni yangu ni haya. Kwanza, alfajiri iwe siku mbili au tatu kwa juma, na iwe kwa wakimbiaji wa mbio ndefu hasa; wa mbio fupi, warukaji na warushaji hawana haja nayo. Pili, mbio za alfajiri ziwe za taratibu, na mazoezi makali yafanywe saa kumi na moja jioni, mwili ukiwa na joto, jua limepoa na mwanga ungalipo. Tatu, usiku unaotangulia mazoezi, mwanariadha aruhusiwe kulala saa mbili na nusu, na masomo aliyoyakosa ayafidie Jumamosi. Nne, wakati wa giza tusikimbie njia tusiyoikagua mchana.

Najua kuwa shauri la tatu litapingwa, na wanaolipinga wana haki. Mtihani wa kidato cha nne hauulizi mtu alikimbia kwa dakika ngapi, na mzazi aliyeuza mpunga au asali ili kununua vifaa vya shule hatafurahi kusikia kuwa mwanawe amelala wakati wa kujisomea. Lakini mimi nilisoma kwa tochi muhula mzima na nikashuka darasani kwa nafasi kumi na moja. Muhula huu mwalimu wetu wa michezo ametukubalia kujaribu, nasi tuliomo katika jaribio hilo twalala mapema usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi. Nimerudi nafasi ya nane. Siwezi kuapa kuwa ni usingizi uliofanya hivyo; najua tu kwamba sasa nasikia anayosema mwalimu.

Nawaomba walimu walitazame jambo hili kwa makini. Nawaomba wazazi, wakati wa likizo, wasimwite mvivu mtoto anayelala mapema ili akimbie asubuhi. Na ninyi wenzangu wa bwenini, mkiona kitanda cha mwanariadha kimetulia saa mbili na nusu, punguzeni sauti. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tunaotaka alfajiri, sharti tulale.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne